Nyota za Mzee Lugembe

Kazi yangu ni kupandisha tovuti. Mtu akiandika "asali mbichi" kwenye simu yake, mimi ndiye ninayehakikisha kampuni iliyonilipa inatokea juu kabisa na wenzake wanasukumwa ukurasa wa nne, ambako hakuna anayefika. Nimeifanya miaka tisa, katika chumba cha uani nyumbani kwetu Tabora mjini. Siku hizi hata harufu ya asali ikinijia natamani kutema mate.

Mzee Lugembe alikuwa mteja wangu. Alizaliwa Sikonge, baba yake akitundika mizinga ya magome porini. Yeye aliikimbia mizinga akaajiriwa reli, akawa karani wa stesheni ndogo ya Tura kwa miaka ishirini na nane, kisha alipostaafu akairudia mizinga ileile. Miaka mitatu iliyopita, yeye na warina asali wenzake saba walifungua kampuni, wakatengenezewa tovuti, wakaanza kuwauzia watu wa Dar, Mwanza na Dodoma. Ana miaka sitini na tisa, na hucheka kila akisikia kampuni yake inaitwa changa.

Huko Tura ndiko alikojuana na Pazi, Mzaramo, gadi wa treni ya abiria. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Treni ikisimama, Pazi alitoa kichwa nje akawatangazia abiria kwamba karani wa hapa ana matege ya kubeba mizigo ya watu, na tiketi wasimpe, atazila. Lugembe alimjibu kwamba ukoo wa Pazi uliuza minazi yote ili kugharimia ngoma. Nyamizi, mke wa Lugembe, alimpelekea Pazi viazi vya kuchemsha dirishani, naye alivila huku akivisema vibaya.

Baba yake Lugembe alipofariki, Pazi aliomba ruhusa kazini, akaja Sikonge, akaingia kaburini kabla ya jeneza. Akajilaza chali, akakohoa vilevile marehemu alivyokuwa akikohoa, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wakilia tangu jana yake wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifanya.

Wote wawili walipostaafu, Pazi akarudi kwao Kisarawe, utani ukahamia kwenye tovuti. Kila aliponunua asali alitoa nyota moja na maoni. "Nimempa mbwa wa jirani, amehama mtaa." "Hawa walizoea kubeba pembe za watu, sasa wanabeba nyuki. Nyuki wanalalamika." "Nimenunua chupa ya nne ili nihakikishe kwamba tatu za kwanza zilikuwa mbaya." Wazaramo wengine wakaiga, na Wagogo nao. Lugembe alimsomea Nyamizi kwa sauti, na Nyamizi, ambaye figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, alicheka ameshika ubavu.

Ndipo nilipoingia mimi na uchafu wangu. Niliandika "Faida Kumi na Saba za Asali Mbichi ya Tabora", na maneno "asali mbichi ya Tabora" nikayarudia mara ishirini na mbili katika ukurasa mmoja, mpaka ukawa hausomeki. Niliandika kwamba inaondoa sumu mwilini. Sumu gani, sikujua. Nilijua tu kwamba watu wanaitafuta sana. Nikawasambazia waandishi wa habari makala niliyoipika, yenye kichwa "Onja Utamu wa Njia ya Misafara". Njia hiyo babu wa babu yangu, aliyetoka Oman, aliipita akinunua pembe na watu. Waliochoka waliachwa njiani wafe. Mimi nikaiita tamu, nikaipamba kwa picha ya mzinga unaochuruzika. Na kinachonichefua zaidi ni kwamba ilifanya kazi. Wageni wa tovuti walikuwa arobaini kwa siku, wakafika elfu tatu.

Likabaki tatizo la nyota. Ukipiga wastani zilikuwa mbili na nusu, na kwa nyota mbili na nusu hupandi popote. Mimi ni mtoto wa Tabora, utani nimekua nao, siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Niliyaripoti maoni yote ya watani, kwa kampuni inayotuendeshea sehemu ya maoni, kuwa ni matusi na ukabila, na baada ya siku tatu yakafutwa. Nikatega jibu linalojituma lenyewe kwa kila atakayetoa nyota chache: "Ndugu mteja, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Tunathamini maoni yako." Kisha nikanunua maoni mia moja na ishirini ya nyota tano, kutoka kwa watu ambao Sikonge hawaijui hata kwa jina. "Huduma bora sana, nitarudi tena." Yote yalikuwa hivyo. Mzee sikumuuliza.

Pazi alijaribu tena mara mbili. Mara ya kwanza aliandika, "Lugembe, umekufa au umepata akili?" Mashine ikamjibu. Mara ya pili aliandika, "Lugembe, ni mimi Pazi." Mashine ikamjibu maneno yaleyale, ikamwita ndugu mteja. Niliyaona yote mawili, nikayaripoti, yakafutwa.

Wiki chache baadaye Lugembe alinipigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wafaa, Mzaramo wangu amepotelea wapi? Kwenye tovuti simwoni, na simu yake inaita tu, hapokei."

"Mtandao una matatizo kidogo, mzee."

"Basi urekebishe upesi. Mama yako hali yake si nzuri. Amesema siku yake ikifika, Pazi apewe yule jogoo mweusi mapema, asije akalala kaburini mwake na viatu vichafu."

Nilisema nitarekebisha. Siku hiyo tulikuwa tumeingia ukurasa wa kwanza, na nilikuwa na shughuli ya kuwaonyesha wateja wengine.

Nyamizi alifariki mwezi wa tatu. Nilipofika Sikonge nilimkuta jogoo mweusi amefungwa kamba mlangoni pa jiko. Pazi alikuwa ametumiwa ujumbe na ndugu, na hakujibu. Kila pikipiki iliposimama barabarani, Lugembe aliinua kichwa.

Alifika saa nane mchana, mwili haujatolewa, nami nikashusha pumzi. Alivaa koti na shati jeupe lililopigwa pasi. Watu walimpisha njia ya kuelekea kaburini, baadhi wameshaanza kutabasamu. Hakwenda kaburini. Alimfuata Lugembe, akampa mkono, akainamisha kichwa.

"Ndugu Lugembe," alisema, "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

Lugembe aliendelea kumshika mkono, akingoja. Uso wake ulikuwa tayari kwa kicheko, na mimi nilikuwa namwomba Mungu Pazi acheke. Hakucheka. Alienda kukaa kwenye viti vya wageni, akakunja mikono. Ningeweza kumfuata palepale nikamweleza, lakini sikusimama. Tulimzika Nyamizi kimya, kwa utaratibu mzuri, kama ofisi inavyomzika mfanyakazi wake. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Pazi alikuwa ameshapanda pikipiki kuwahi treni.

Lugembe alinikuta nyuma ya nyumba.

"Wafaa, yale maneno Pazi kayatoa wapi? Yale si maneno yake."

"Ni yangu, mzee," nikasema, na nikamweleza yote, pamoja na lile la "ni mimi Pazi".

Hakunifokea. Alienda mlangoni pa jiko, akamfungua jogoo, akarudi naye, akaniwekea mikononi.

"Basi huyu ni wako," alisema, akaingia ndani.

Nilirudi mjini na basi la saa kumi, jogoo mapajani. Alininyea sketi njia nzima, nami sikumweka chini.