Ndani ya Buti

Juzi, katika mji nilimokuwa nikipita tu, niliona dirishani watoto wakifinyanga udongo huku mwalimu akiwatazama bila kuwasahihisha. Nilisimama pale mpaka mlinzi wa geti akanifukuza.

Darasa letu la utotoni, huko Nsambya, lilikuwa hivyohivyo. Sista, mtawa aliyetufundisha, alitukusanya sisi tulioacha kusema, au kulala, baada ya mambo tuliyoyaona nyumbani. Chumba kilinuka udongo mbichi na dawa ya kusafishia sakafu.

Alasiri moja Acen, msichana ambaye hatukuwahi kuisikia sauti yake, alisema, "Baba iko ndani ya buti."

"Kwani baba yako ni soksi?" Okello akamcheka.

Sista hakucheka. Mimi niliamini. Sikujua bado kwamba gari nalo lina buti, pale nyuma pa kuwekea mizigo, wala kwamba askari walikuwa wakiwatia watu humo mchana kweupe na hawarudi. Akilini nilimwona mzee mdogo kama kidole, amejikunja gizani, akisikiliza hatua za askari aliyemvaa.

Ndipo baba yangu, aliyekuwa polisi, akaja kunichukua. Acen alipiga magoti mlangoni, akalaza sikio kwenye buti la baba yangu.

"Baba?" akaita polepole.

Baba yangu aliketi kwenye ngazi, akafungua kamba, akalivua buti na kulipindua mbele ya Acen. Mchanga ukamwagika.

"Hakuna mtu, mwanangu," alisema, kwa sauti nisiyoitambua.

Acen alichungulia ndani, akanusa, kisha akaunyooshea kidole mguu wa pili wa baba yangu.

"Na ile ingine?"