Kitufe cha Mninga

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Fundi Kaza, na usidhani ni sifa tupu. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona nafasi kati ya mbao mbili akapata usingizi. Msumari kwake tusi, skrubu uzembe. Kila kiungo lazima kibane hata unywele usipite, kisha gundi juu yake, basi tena. Kabati zake zilikuwa nzuri kweli, ila mvua zikianza watu huvuta droo huku wamekanyaga ukuta. Ukimlalamikia, anakujibu, "Kitu kilichofungwa vizuri hakifunguki ovyo."

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu. Kustaafu hakukumpendeza hata kidogo. Alishinda nyumbani akiwasahihisha watangazaji wa redio, ambao hawakumsikia. "Siku hizi hakuna hata mtu mmoja anayeninyooshea mkono," alisema jioni moja, na Fundi, aliyekuwa anakula, akasukuma sahani kando.

Ndipo shule moja ya mtandaoni ikamwita kwenye usaili: awafundishe Kiswahili watu wa ng'ambo. Sharti lao kompyuta, simu hawaitaki. Kaka yake Mwalimu, muuza kompyuta, alisema atawaletea moja. Fundi Kaza akaruka. "Shemeji, ya dukani bati tupu. Ya mke wangu nitaiunda mwenyewe."

Akanunua vipande kwa shemeji huyohuyo, akauliza wajuao, akaviunga mezani, na haki yake apewe: iliwaka mara ya kwanza. Hapo mtu mwenye akili angetulia. Thubutu! Akaijengea sanduku la mninga, akalipiga msasa mpaka ukajiona sura, na hata kitufe cha kuwashia akakichonga cha mninga, akakitia kwenye tundu lake kikaingia kwa kunung'unika. Akawaita majirani waje kukibonyeza.

Kisha mvua ikanyesha wiki nzima.

Asubuhi ya usaili Mwalimu alivaa gauni lake la kijani, akatia hereni, akabonyeza. Feni ikavuma, taa ikawaka, halafu kimya. Akabonyeza tena, wapi. Fundi akachomoa waya ukutani akauchomeka upya: ikaamka, ikavuma, ikafa. Akachomoa, akachomeka. Ikaamka, ikafa.

"Umeme huu," Fundi akasema. Lakini taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na redio ya jirani inaimba. Basi akamgeukia shemeji, ambaye hata hakuwepo: kamuuzia vipande vibovu, roho mbaya ile. Akafungua mlango wa nyuma wa sanduku, akatoa memori, akaisugua kwa kifutio, akairudisha. Ikafa. Akapuliza vumbi, akakohoa, akakaza kila waya. Ikafa. Akaipiga kofi. Ikafa vilevile, na sasa na mkono unamuuma.

"Baba," Mwalimu akasema kwa ile sauti ya darasani iliyokuwa inanyamazisha hata paka, "zimebaki dakika chache. Nimpigie kaka?"

"Mpigie aje anicheke?"

"Bora yeye asicheke, nilie mimi?"

Hapo Fundi akaona macho ya mkewe yamelowa, akaogopa kweli. Akakaa sakafuni chini ya meza, kando ya sanduku lake, kijasho kinamtoka.

Mwalimu akashusha pumzi. "Ichomeke tena. Nyamaza nisikilize." Ikaamka, ikavuma, ikafa. "Mbona inakufa kama zile kompyuta za shuleni? Zikiganda tulikuwa tunabonyeza kitufe tunakishikilia mpaka zizime."

"Nani kakishikilia? Mikono yangu hii hapa."

"Droo ya chumbani inafunguka?"

"Mvua zikiisha."

"Na mlango wa choo?"

Fundi akasogea mbele ya sanduku. Nyani haoni kundule. Akapapasa ubao wa mbele: umefura kwa unyevu, umebonyea ndani, umekikamata kitufe chake kama kupe na kukikandamiza kwenye swichi bila kukirudisha nje. Kuutoa ubao, hakuna skrubu. Kuukata, hakuna wakati. Akachukua koleo, akaking'ata nalo kile kitufe cha mninga alichokipiga msasa kwa siku ngapi sijui, alama za meno zikaingia, naye akaguna kana kwamba anang'olewa jino lake. Akavuta. Akaachia kidogo swichi ibonyezeke, akavuta haraka. Kompyuta ikawaka, safari hii ikaendelea kuwaka.

"Usiachie," Mwalimu akasema.

"Siachii."

Usaili ukaanza. Mwalimu juu ya kiti, ananyooka, anaeleza ngeli na methali, sauti imerudi ujanani. Fundi chini ya meza, koleo mkononi, mguu umekufa ganzi, inzi anamtembelea puani. Mtu ambaye hajawahi kukaa kimya robo saa alikaa kimya usaili mzima.

"Swali la mwisho," sauti ikatoka kwenye kompyuta. "Vifaa vyako ni vya kutegemewa?"

Mwalimu akatupa jicho chini ya meza. "Vina fundi wake," akasema. "Yuko hapahapa na haondoki."

Wakacheka kule, wakamwambia aanze wiki ijayo. Kioo kikazima picha zao. Mwalimu akabaki ameshika mashavu, anacheka mwenyewe.

Ndipo akauona, ukitokea taratibu chini ya meza, mkono wa Fundi Kaza ulio huru, umenyooka juu.

Mwalimu akajikohoza. "Haya, wewe wa nyuma. Una swali gani?"

"Mwalimu, naomba ruhusa niachie. Nikachukue randa."

"Ya kitufe?"

"Tutaanza na droo yako," akasema.