Ijumaa ya Kunyamaza

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilijua mambo mengi kuliko ninayoyajua leo. Nilikuwa kidato cha kwanza kwenye shule ya masista pale Mpanda, binti wa kwanza wa ukoo wetu kuvuka darasa la saba, na kila shule ilipofungwa nilirudi Kasekese nimebeba elimu yangu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, shingo ngumu, sigeuki. Nilijua kupiga pasi ya mkaa bila kuunguza kola. Nilijua kuimba sauti ya pili. Nilijua kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza, ingawa kwetu, Wasukuma wa kuhamia na ng'ombe wetu, choo kilikuwa cha matete na hakikuombewa ruhusa.

Sista Benedikta alitufundisha Biolojia asubuhi na Dini baada ya chai. Kwenye Biolojia alituchorea mbu ubaoni, mkubwa kama kuku, akasema, "Malaria ikipanda kichwani mtoto anakakamaa, anageuza macho. Ndiyo hiyo degedege ya kwenu. Msimfukize. Siku hiyo hiyo, hospitali!" Baada ya chai akamfuta mbu, akaandika amri za Mungu, akatueleza kwamba mtoto anayembishia mkubwa wake anambishia Mungu mwenyewe. Niliyaandika yote mawili katika madaftari mawili, kwa mwandiko mzuri. Haikunijia kabisa kwamba madaftari hayo yangekuja kugombana.

Yaligombana likizo ya Desemba. Mvua zilikuwa zimeshika, baba yuko mbali malishoni na ng'ombe, na nyumba ilikuwa chini ya bibi, mama yake baba. Mdogo wangu Masanja alikuwa na miaka miwili. Alikuwa mnene, mchokozi, aliyependa kuingia ndani ya sweta langu la shule nikiwa nimelivaa, akatokeza kichwa chake shingoni, tukawa watu wawili wa sweta moja. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nalisema neno hilo wazi kwa sababu nyumbani kwetu hatukuwa na desturi ya kulisema.

Ijumaa asubuhi, baada ya kushinda na homa siku moja, Masanja alikakamaa mikononi mwa mama. Macho yakageuka, ukabaki weupe mtupu. Bibi alitupa ungo akatazama juu ya paa, kwani kwetu degedege ni ndege wa usiku anayempitia mtoto kwa kivuli chake. Akatoa chunguni kinyesi kikavu cha tembo, maana tembo walikuwa wakila mahindi yetu na angalau hicho walituachia. Akakiwasha, akamfunika Masanja juu ya moshi.

"Mayu," nilimwambia mama kwa sauti ndogo, "si tungempeleka zahanati?"

Bibi alinisikia. Hakukasirika.

"Ng'wanone, mwanangu, mtoto wa degedege hachomwi sindano. Nimeona kwa macho yangu haya. Mtoto wa jirani yetu, mtoto wa dada yangu, na wa kwangu mwenyewe, aliyemtangulia baba yako. Mkimchoma, hamrudi naye mzima."

Mama alinitazama. Sasa ninaamini alikuwa ananisubiri. Hakujua kusoma, lakini ndiye aliyenitoa shambani ili nisome, na siku hiyo alitaka kujua nimesoma nini. Mimi nikakumbuka daftari la Dini. Niliinamisha kichwa nikasema, "Sawa, bibi," nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Moshi ulimtuliza, au tulidhani umemtuliza. Jioni alikunywa uji kidogo. Nilijipongeza kwa adabu yangu.

Jumamosi kulipokucha degedege ilirudi mara tatu, na baada ya ile ya tatu hakuzinduka. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilisema yote, mbu, damu, ubongo, Kiswahili na Kiingereza pamoja, nikamwita bibi mshirikina mbele ya mkwewe. Mama alimfunga Masanja kifuani kwa kanga, jirani akatoa baiskeli, nami nikakimbia nyuma yao kwenye tope mpaka zahanati.

Daktari, maana kwetu kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari, alimfunua kope.

"Imemshika lini?"

"Jana asubuhi," mama alisema.

Yule bwana alivuta dawa kwenye sindano akamchoma pajani. Masanja, aliyekuwa akilia hata kwa kunyolewa nywele, hakulia. Kabla jua halijafika utosini alikuwa amekufa mikononi mwa mama. Tulirudi naye vile vile bibi alivyosema tutarudi.

Msibani wanawake walinipisha kana kwamba nina upele. "Ndiye aliyelazimisha sindano," nilisikia. Mwaka uliofuata degedege ilimshika mtoto wa yule yule jirani aliyetupatia baiskeli, na hakuna aliyeigusa baiskeli. Wakamfukiza mpaka mwisho. Amezikwa hatua chache kutoka kwa Masanja.

Leo mimi ni muuguzi, na nimeelewa kwamba bibi hakuwa mwongo. Watoto wote aliowaona walichelewa kama wetu. Walifukizwa kwanza, na sindano iliwakuta wameshakwenda, bado tu kuacha kupumua. Aliona sawasawa kila mara, akakosea sababu. Nani angemlaumu mtu aliyezika mtoto wake mwenyewe namna hiyo?

Januari, siku ya kurudi shule, aliniita jikoni akanipa maziwa mgando.

"Usilie tena," aliniambia. "Ulifundishwa hivyo, hukujua. Mimi ile sindano nimekusamehe."

Nilipaswa kumwambia kwamba si sindano iliyomuua. Nilipiga magoti nikamshukuru, kama mtoto mwenye adabu.

Bibi alikufa miaka mingi iliyopita, na mama akamfuata. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za Ijumaa, pale mama aliponitazama nami nikaenda kuchota maji. Nilisamehewa kosa ambalo sikulitenda. Lile nililolitenda, hayupo tena wa kunisamehe.