Uzi ya Ndani ya Paja ya Jada

Jada anapakua lori hapa Arua. Ni mutu ya South Sudan, kimya sana. Hata siku mabati ilimpasua paja, hakulia. Aliangalia tu damu inaingia kwa kiatu, kama kiatu iko ya mutu mwingine.

Kliniki, Sista Lillian alimshona nyama ya ndani kwanza, halafu ngozi ya juu.

"Hii uzi usitoe," alisema. "Inashika kidonda mpaka nyama ikamatane, halafu mwili inaikula polepole. Hakuna kurudi hapa kutolewa uzi. Ukiona usaha ama joto, hapo unarudi haraka."

"Sawa."

"Umesikia kweli, braza? Unaniangalia kama ukuta."

"Nimesikia."

Tajiri ya lori akamwambia: ukipona, nafasi yako iko; kidonda ikifunguka tena, natafuta mutu mwingine. Jada hana kazi ingine. Akaenda kupumzika kijiji ya Lurujo, kwa anti yake Zam.

Lurujo hakuna mutu anarudi mjini sababu ya uzi. Wanaenda kwa Zam. Anachemsha wembe, anakata, anavuta. Zamani alivuta uzi ya mkono ya Jada mapema, ikapasuka tena, kovu ikabaki pana.

Sasa akaona ncha ya uzi kwa paja.

"Leta mguu."

"Hapana, anti."

"Itaoza ndani! Watu yote ya hapa nimewatoa uzi mimi. Wewe mguu yako ni ya mzungu?"

"Sista alisema mwili itaikula."

Zam alicheka mpaka akakaa chini. "Mwili inakula uzi! Basi leo sikupi muhogo."

Akashika paja. Jada akamkamata mkono ile ya wembe. Hakukasirika, lakini hakuachilia.

"Ukivuta, itafunguka. Ikifunguka, kazi imekwisha."

Zam akamwangalia. Toka afike, hajasema maneno mingi hivyo. Akaweka wembe chini.

Wiki zikapita. Ile ncha ikaanguka yenyewe, Jada akioga. Kidonda ikabaki mstari mwembamba tu. Zam akapitisha kidole hapo, akarudia, akitafuta uzi. Hakuna.

Aliporudi kazi Arua, wakamwekea gunia ya maharagwe mgongoni. Wenzake wote walikuwa wanaangalia paja. Akatembea mpaka stoo, akaweka, akarudi. Paja ilikuwa kavu.

"We Jada! Inauma?" wakamuuliza.

"Sijui," akasema, akainama wamwekee ingine.