Kitabu Kisicho na Msiba

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyechagua vitabu. Tulikuwa watu sita, watatu wa Njombe na watatu wa Makambako, na tulikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mwezi mmoja tulikaa sebuleni kwangu, kijijini Yakobi karibu na Njombe, mwezi unaofuata Makambako, kwa mama mmoja aliyeuza viazi kwa jumla. Siku ya kwanza tulikubaliana kila mtu awe na zamu ya kuchagua. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wakaniachia, nami nikapokea kana kwamba ni haki yangu. Nilipenda vitabu vizito. Mama wa viazi alinitania, "Mwalimu, ukileta kitabu, hata sijakifungua najua kuna mtu atazikwa."

Mama huyo nilimwita dada kwa kuwa alinizidi miaka minne. Shule aliishia darasa la saba. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, na alimhoji mwandishi kana kwamba yumo chumbani. "Hawa watu wamekaa siku tatu hapa. Wamekula nini?" Sisi wengine tulizungumzia dhamira na wahusika. Yeye alitaka kujua nani alipika.

Ugonjwa wake ulianza na maumivu ya mgongo, akadhani ni kubeba magunia. Alipopimwa Mbeya akaambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, na imeshasambaa. Akarudi nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu. Binti yake mkubwa aliomba likizo kazini kwake Dodoma, akaja kumuuguza.

Mwezi wa sita tulikutana kwake, maana alikataa tuhamishe. Tulikaa kuzunguka kitanda tukiwa na makoti, upepo ukitikisa mabati.

"Leo nachagua mimi," alisema. "Zamu yangu imeliwa miaka yote hii."

Tukasema sawa.

"Nataka kitabu ambacho hafi mtu. Hata mmoja."

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alicheka, akaona hatucheki, akanyamaza. Mwinjilisti mstaafu, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alipendekeza tumsomee Zaburi. Dada alimjibu kwa upole kwamba akina mama wa usharika wanamsomea kila asubuhi, na anawashukuru, lakini hii ni Jumamosi ya kitabu.

Nikasema niachieni mimi.

Nyumbani nilishusha vitabu vyote kabatini nikavipanga sakafuni. Nilianza na vile nilivyokumbuka kuwa ni vya furaha. Kimoja kilikuwa na ajali ya lori ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Kingine, mtoto mchanga alikufa kwa sentensi moja tu. Riwaya ya mapenzi aliyowahi kuniazima yule fundi, niliyokuwa nikiidharau, ilimuua mama wa msichana ukurasa wa pili. Nilikwenda mpaka Kidugala kwa jamaa yangu mwenye vitabu vingi, nikarudi na mfuko mzima, na vyote vilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimewasomesha watu hawa misiba kwa miaka tisa nikiiita fasihi.

Wiki tatu zilipita. Fundi akanipigia simu. "Mwalimu, nenda na chochote. Hali yake si nzuri."

"Bado natafuta," nilimjibu.

Nilijiona mtu wa kutimiza ahadi. Sasa najua nilikuwa naogopa. Kukaa sakafuni na vitabu kulikuwa rahisi kuliko kukaa kando ya kile kitanda.

Mwisho nilipata hadithi ya mzee mfuga nyuki na mjukuu wake wa kike. Ilikuwa nzuri, na safi, isipokuwa sura ya tisa, ambamo mzee alifariki. Nikazibana kurasa zile kwa kibanio, nikapanda gari kwenda Makambako.

Alikuwa amebaki macho tu. Nilimsomea siku mbili mfululizo, na mara moja alitabasamu. Siku ya tatu tulifika sura ya tisa, nikairuka bila kusita.

Baada ya kurasa chache akasema, "Mzee yuko wapi?"

"Amekwenda Iringa kwa mwanawe."

"Bila kumuaga mjukuu?"

Nikafunua ukurasa unaofuata. Akanyoosha mkono, akapapasa kitabu mpaka akakigusa kibanio.

"Nilisema mtafute," alisema. "Sikusema mnidanganye. Kama hakuna, ungesema hakuna."

"Hakuna, dada. Nimetafuta."

"Basi soma."

Nikatoa kibanio, nikasoma. Alifumba macho. Hadithi ilipofika makaburini akaniambia nisubiri. Kisha akasema, "Kwangu watu wapewe chai ya moto kabla ya kwenda makaburini. Baridi hii si ya kusimama na njaa. Andika."

Niliandika ndani ya jalada.

Nilipoinua macho, binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mwalimu, naomba tuongee nje."

Nje hakupandisha sauti. "Mama yangu hajafa."

"Aliniambia mwenyewe nisome."

"Aliomba kitabu kisicho na kifo. Alituambia nyumba nzima, alikuwa anakisubiri. Wewe umemletea mazishi." Akatazama barabarani. "Usije tena mpaka nikuite."

Hakuniita. Nilipopiga simu niliambiwa amelala. Siku ya kumi na moja fundi alinipigia, na kabla hajasema kitu nilijua.

Msibani nilikwenda jikoni kwa akina mama nikauliza kuhusu chai. Wakasema ratiba imepangwa na familia, chakula ni baada ya maziko. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Binti yake alikuwa hatua ishirini kutoka pale, ameketi mkekani. Ningeweza kumfuata. Nilikaa na mkoba wangu mapajani mpaka jeneza likatolewa. Tulisimama makaburini saa mbili nzima kwenye upepo, na watoto wa usharika walikuwa wakitetemeka wakiimba.

Miezi mitatu baadaye nilimwandikia binti yule ujumbe, nikamweleza yale maneno ya mama yake. Jibu lilikuja siku iliyofuata: "Ungeniambia siku ile."

Hajaniandikia tena.

Klabu ipo, ingawa tumebaki watano, na sasa tunachagua kwa zamu. Mwezi uliopita fundi alileta riwaya nyingine ya mapenzi. Niliisoma yote, na walipouliza maoni yangu, niliwaambia waanze wao.