Shavu Juu ya Mbao

Mchungaji aliponiomba nifunge banda langu la useremala nikamtumikie Mungu, ilinipasa kukataa. Lakini nilikubali kabla hajamaliza chai yake.

Banda lilikuwa kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Woodley, mabati na nguzo tu. Mimi nilipima, nikakata, nikaunga. Mke wangu alipiga msasa na vanishi. Tulitengeneza zaidi vitanda vya watoto wachanga, wateja wetu wakiwa watu wa nyumba za ghorofa kule Kileleshwa. Kila kitanda kilipokamilika, mke wangu aliinama akapitisha shavu lake polepole juu ya kila ubao. Mkono wa fundi ni sugu, alisema, hauhisi kibanzi. Shavu linahisi. Na shavu likiwa pale pale kwenye mbao, alimwombea mtoto ambaye bado alikuwa tumboni mwa mamake.

Mteja mmoja alimkuta hivyo. "Fundi, huyu mama amelala kazini!"

"Sijalala," mke wangu alijibu bila kuinuka. "Naongea na Mwenye mtoto. Wewe ngoja zamu yako."

Mteja alicheka, kisha akavua kofia na kungoja. Mimi niliona haya. Nilidhani maombi yana mahali pake, na mahali penyewe hapana vumbi la mbao.

Jioni ile ya chai nilimweleza mke wangu kwamba ninahitajika kuandaa ibada za mchana katikati ya mji.

"Mchungaji anasema nimetumikia mbao vya kutosha."

"Kwani Yesu alipokuwa kwa banda la Yusufu, alikuwa amepotea?"

"Usinifanyie mzaha, Mama."

"Si mzaha, Baba. Nauliza nijue."

Nikauza meza ya kazi na misumeno, nikabaki na randa moja ya ukumbusho.

Kule mjini nilipanga viti vya plastiki na kujaribu kipaza sauti kabla wafanyakazi wa maofisini hawajaja kuomba saa yao ya chakula. Siidharau kazi ile. Wengi waliingia wamekunja uso wakatoka wamepumua. Ila mimi niliifanya macho yakiwa mlangoni, nikitafuta nani ameiona suti yangu. Mke wangu akaenda kufua nguo za watu Muthangari. Jioni niliomba kwa sauti, maombi marefu, naye akaitikia amina.

"Siku hizi unaomba vizuri," aliniambia mara moja. "Kama redio."

Binti yetu aliposhika mimba, mke wangu alinunua mbao za sipresi za kitanda cha mjukuu, akaziegemeza nyuma ya mlango. "Wewe kata, mimi nitapiga msasa," akasema. Nikamwambia baada ya semina. Baada ya semina ukaja mkutano wa maombi, kisha wageni kutoka Kisumu. Mbao zikakaa pale hadi zikaanza kupinda, na mke wangu akaanza kuugua kifua.

Hapo ndipo niliposhika randa. Ilirukaruka, ikang'ata mbao vibaya. Mikono ilikuwa imelainika. Hata hivyo nilimaliza ubao mmoja, nikaupiga msasa mwenyewe, nikampelekea kitandani. Aliuwekea shavu.

"Hapa bado," alisema, akigusa mahali kwa kidole.

Nikapiga msasa tena. Niliporudi alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha. Hakuushika tena ubao ule. Tulimzika kabla mtoto hajazaliwa.

Mjukuu wetu alilala kwenye kitanda cha dukani, kizuri tu, wala sijui nani alikipiga msasa. Ubao ninao. Asubuhi nyingine huuwekea shavu langu, nikajaribu kumwombea mtoto kama bibi yake alivyofanya, na maneno yanayokuja ni yale ya kipaza sauti.

Kule kukubali kwangu kulininyima miaka ya mwisho ya kufanya kazi na mke wangu, na mjukuu wetu hakulalia hata ubao mmoja ambao bibi yake alimwombea juu yake.