Nusu Jumlisha Robo

Bi Darubini hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wanafunzi wiki ya kwanza tu ya kujitolea kwake katika shule ile ya ugenini, na kusema kweli alilistahili. Nchini kwao alikuwa msimamizi wa mitihani tangu ujanani hadi kustaafu. Alishakamata majibu kwenye soli za viatu, kwenye vifutio, na safari moja ndani ya bandeji ya mtu asiye na kidonda. Kazi ya namna hiyo humaliza imani ya mtu polepole kama sabuni ya kufulia. Mdogo wake wa kike alimwambia kwa simu, "Dada, wewe hata malaika ungemkagua mifuko." Akajibu kwamba malaika mwenye mifuko ni wa kukaguliwa.

Basi akaenda nchi ya watu kufundisha hesabu mwaka mzima bila mshahara, kwa malipo ya chumba nyuma ya stoo ya shule na sahani yake jikoni. Siku ya kwanza aliandika ubaoni nusu jumlisha robo. Darasa zima likajibu mbili ya sita. Walikuwa wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, tena kwa kujiamini kabisa. Akaweka chaki mezani.

"Sitoki hapa," alisema, "mpaka kila mmoja wenu aijue hesabu hii."

Walimu husema mengi siku ya kwanza, naye aliyasahau maneno hayo kabla ya kengele.

Mwaka ukaenda. Watoto wakashika sehemu, wakashika desimali, wakafika hata pale ambapo mwalimu huanza kuogopa maswali yao. Kiranja wao, msichana aliyeitwa Kidole kwa sababu mkono wake haukujua kushuka, alikuwa akimaliza zoezi kabla mwenzake hajachonga penseli. Ndipo ukaja mtihani wa mwisho, ule wa kuvuka darasa, siku mbili kabla ya Bi Darubini kufunga safari. Kesho yake akakaa kwenye meza ya ofisi ya walimu kusahihisha, kalamu nyekundu mkononi, moyo mweupe.

Karatasi ya kwanza, swali la kwanza, nusu jumlisha robo: mbili ya sita. Akapiga alama ya mkasi, ya kosa. Ya pili, mbili ya sita. Ya kumi, vilevile. Ya Kidole, vilevile. Alipofika mwisho wa fungu moyo ulikuwa umegeuka rangi.

Kilichomwasha zaidi ni kwamba wote waliendelea hatua moja mbele, wakarahisisha mbili ya sita kuwa theluthi, bila kosa. Mtu asiyejua kujumlisha sehemu, kurahisisha amejifunzia wapi? Hapa pana mkono wa mtu, alijisemea.

Akaanza kutafuta mkono huo. Wa kwanza kumjia akilini alikuwa mwalimu wa sayansi, kijana mpole ambaye ndiye angerithi vipindi vyake. Wiki hiyo alikuwa amemuuliza mara mbili, "Mama, unaondoka lini hasa?" Mara mbili! Mtu mwenye nia safi huuliza mara moja. Kisha akawakumbuka watoto wenyewe, walivyokuwa wakinyamaza kila akipita, wakitazamana kama wezi wa maembe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka mzima umewalea, nao wanakuaga kwa dhihaka. Akabeba karatasi na uchungu wake hadi kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakuwa na muda wa uchungu. "Mwalimu, swali la kwanza ni la lazima; anayelikosa ameanguka, na darasa likianguka linarudia mwaka. Hiyo ndiyo sheria, sikuitunga mimi. Kesho mchana nasaini."

"Kesho mchana na mimi naondoka."

"Basi una asubuhi."

Njia ya mwongo ni fupi, na Bi Darubini alijua kwamba mtoto mwenye njaa hawezi kuigiza. Asubuhi alipita dukani akanunua mikate, mizima, isiyokatwa. Akaiweka juu ya meza darasani pamoja na kisu kimoja. "Ya kuagana," alisema. "Gawaneni wenyewe." Akaenda dirishani, akawapa mgongo, akabaki kutega masikio tu.

Kwanza walinong'ona kama watu wa msibani. Kisha harufu ya mkate ikafanya kazi yake. Viti vikaburuzwa, kisu kikagombewa, na haikuchukua muda sauti ikapanda kutoka nyuma.

"Mwalimu, huyu ana robo tatu! Alishachukua nusu, sasa kaongeza robo!"

Aliyesema akajiziba mdomo, na makombo bado yapo.

Bi Darubini akageuka taratibu. Siku nyingine angefurahi, maana alikuwa amenasa darasa zima kwa mkupuo mmoja. "Kumbe mnajua," alisema. "Nani amewatuma mnidhihaki? Ni mwalimu wa sayansi?"

Kidole akasimama. Safari hii hakunyoosha mkono. "Yule tulimtuma sisi akuulize siku ya kuondoka. Mwalimu, hatukukudhihaki. Ulisema hutoki mpaka kila mmoja wetu aijue hesabu hii. Tukaona basi tusiijue."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona kumbe ukungu uko machoni. Katika miaka yake yote ya kukamata watu waliojifanya wanajua, hakuna aliyemwandaa kwa watu wanaojifanya hawajui. Alikuwa amewakagua kila kitu wale watoto, akasahau kukagua kauli yake mwenyewe.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Gari langu linaondoka leo, mkijua msijue. Mkianguka mimi sibaki. Mtakaobaki ni ninyi, darasa hilihili, mwaka mwingine."

Hilo hawakuwa wamelipigia hesabu. Wengine wakaanza kulia na mkate mdomoni, na hakuna kazi ngumu kama hiyo.

Mwalimu mkuu alipoelezwa alikuna kichwa, akakubali mtihani urudiwe kwa sharti kwamba asimamie mtu mwingine. Akaitwa mwalimu wa sayansi. Bi Darubini alimpisha kiti bila kumtazama usoni, kisha akarudi akamwambia, "Mwanangu, nilikudhania vibaya." Yule kijana akasema hata yeye aliliona hilo, maana alikaguliwa hadi kikombe cha chai.

Kalamu zikakwaruza. Mmoja mmoja wakaleta karatasi, na Bi Darubini akiwa amesimama ukutani aliweza kusoma kwa mbali: robo tatu, robo tatu, robo tatu. Nje dereva alishapiga honi.

Akabaki Kidole peke yake. Alikuwa amejibu maswali yote isipokuwa la kwanza. Kalamu ameishika, haandiki, machozi yanadondokea kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

"Andika, mama," Bi Darubini alimwambia.

"Ulisema kila mmoja," alijibu, hakuinua kichwa. "Nikibaki mmoja, bado hujamaliza."

Honi ikalia tena. Bi Darubini alitazama saa ya ukutani, akamtazama msimamizi. Mwalimu wa sayansi alielewa kabla ya kuambiwa, akageukia dirishani, akaanza kuhesabu mawingu. Ndipo mwanamke yule, ambaye maisha yake yote hakumruhusu mtahiniwa hata kukohoa kwa mpangilio, akapiga goti kando ya dawati, akamkumbatia mtoto begani na kumsogezea mdomo sikioni.

"Robo tatu," alimnong'oneza.

Kidole akaandika.